Anayeunga ni Nani? Istilahi za Kiswahili katika Upimaji wa Uungaji wa DNA Iliyokatwa

IKISIRI

Makala hii inachunguza msamiati wa Kiswahili unaohitajika ili kueleza jinsi wanasayansi wanavyopima namna seli inavyounga DNA iliyokatwa wakati wa uhariri wa jenomu. Hoja kuu ni kwamba mwanasayansi hukata tu. Anayeunga ni seli yenyewe. Kitenzi kinachotumiwa mara nyingi katika mada hii, yaani *rekebisha*, huuficha mgawanyo huo wa kazi, na kuufichwa kwake kuna athari kwa mgonjwa na kwa mkulima. Inaonyeshwa kwamba mnyambuliko wa kitenzi cha Kiswahili, pamoja na istilahi ambazo taaluma ya isimu imekwisha kuzizoea, vinatosha kuudhihirisha mgawanyo huo. Mwishoni yanatolewa mapendekezo kumi ya istilahi.

1.0 Utangulizi

Mwandishi wa makala hii alikuwa likizoni nyumbani kwao Songea, mkoani Ruvuma, alipoulizwa na baba yake mdogo, ambaye ni mkulima wa mahindi, habari za karatasi alizokuwa akizisoma barazani. Alijibu kwa ufupi kwamba zinahusu kupima vinasaba vilivyokatika. Mzee akasema: "Mwanangu, vinasaba tena? Nani kamkana mtoto?" Alipoelezwa kwamba hapakuwa na kesi ya mtoto, bali ni ufundi wa kubadili mbegu za mimea na kutibu maradhi kwa kukata uzi wa urithi ulio ndani ya seli, alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Haya, mkishakata, anayeunga ni nani?"

Maswali hayo mawili ndiyo chimbuko la makala hii. Swali la kwanza linaonyesha hali ya msamiati ilivyo. Watanzania wengi wamelipokea neno *vinasaba* kupitia mashauri ya uzazi na ya jinai, ambayo vipimo vyake hufanywa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Kwa hiyo *kupima vinasaba* kumekuwa na maana moja mahususi, nayo ni kutafuta mwenye mtoto au mwenye kosa. Swali la pili ni zito zaidi, kwa sababu linagusa kiini cha taaluma yenyewe. Mzee ambaye hakusoma biolojia aliuliza kuhusu mtendaji wa tendo, jambo ambalo maelezo mengi ya mada hii kwa Kiswahili huliacha bila kuligusa.

Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha *Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia* na pia *Kamusi Sanifu ya Isimu na Lugha*. Taaluma hizo zilipatiwa istilahi chini ya paa moja na katika mwaka mmoja, lakini tangu hapo zimeendelea bila kuazimana sana. Uhariri wa jenomu kwa mfumo wa CRISPR-Cas9 ulielezwa mwaka 2012 na kundi la Jennifer Doudna na Emmanuelle Charpentier, waliopata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2020. Ni dhahiri kwamba kamusi ya 1990 haikuweza kuutarajia. Tunakusudia kuonyesha kwamba sehemu ya pengo hilo inaweza kuzibwa kwa kuazima kutoka kwenye kamusi ya pili.

2.0 Mkato na Njia za Kuunga

Kabla ya kujadili istilahi, ni vema kulieleza jambo lenyewe. DNA ni kamba ya nyuzi mbili zilizosokotana. Cas9 ni kimeng'enya kinachozikata nyuzi zote mbili mahali pamoja. Mahali hapo huonyeshwa na kipande kifupi cha RNA elekezi, ambacho mfuatano wake wa nukleotidi zipatazo 20 hulandana na mfuatano wa DNA inayolengwa. Kazi ya mtafiti inaishia hapo: amechagua mahali, amepeleka mkasi, na mkato umetokea. Kinachofuata hakimo mikononi mwake.

Seli haiwezi kuvumilia kamba iliyokatika, kwani ncha zilizo wazi zinaweza kuipotezea kromosomu kipande kizima. Kwa hiyo huziunga kwa mojawapo ya njia tatu kuu. Njia ya kwanza ni kuzishika ncha mbili na kuziunganisha moja kwa moja bila kuangalia kielelezo chochote. Protini mbili zinazoitwa Ku huzishika ncha, na kimeng'enya kiitwacho ligasi ya IV huzifunga. Njia hii ni ya haraka na hufanya kazi katika vipindi karibu vyote vya maisha ya seli. Mara nyingi huunga sawasawa, lakini wakati mwingine hupoteza au huongeza nukleotidi chache.

Njia ya pili huzipunguza ncha kidogo hadi pakapatikana mifuatano mifupi inayofanana pande zote mbili, kisha huiambatanisha. Kilichokuwa kati ya mifuatano hiyo hupotea. Njia ya tatu hutafuta kielelezo, yaani nakala nyingine ya mfuatano huohuo, na kuandika upya sehemu iliyoharibika kwa kuifuata. Hiyo ndiyo njia ambayo mtafiti huitamani anapotaka kuingiza badiliko mahususi, kwa sababu anaweza kuipa seli kielelezo alichokitunga yeye. Hata hivyo, njia hiyo hutumika hasa baada ya seli kuanza kurudufu DNA yake, na seli zilizokwisha kuacha kugawanyika huitumia kwa nadra.

Tofauti ya matokeo ya njia hizi inaweza kuonyeshwa kwa mfano wa maandishi. Seli husoma nukleotidi tatutatu. Sisi hapa tusome herufi mbilimbili, kwa kuwa silabi nyingi za Kiswahili zina muundo wa konsonanti na irabu:

(1) a. KA KA LE TE MA JI
    b. KA KA ET EM AJ I
    c. KA KA NL ET EM AJ I
    d. KA KA TE MA JI

Katika (1b) herufi L imedondoshwa mahali pa mkato, na usomaji wote unaofuata umevurugika. Katika (1c) herufi N imechopekwa, na matokeo ni vurugu ileile. Katika (1d) zimedondoshwa herufi mbili kamili. Silabi moja imepotea, lakini silabi zinazofuata zinasomeka kama awali. Vivyo hivyo, jeni iliyopoteza nukleotidi moja kwa kawaida huharibika kabisa, ilhali jeni iliyopoteza nukleotidi tatu inaweza kuendelea kufanya kazi. Kwa hiyo haitoshi kusema kwamba DNA "imebadilika". Ni lazima kusema imebadilika kwa kiasi gani na kwa namna gani. Hapo ndipo upimaji unapoanza.

3.0 Kinachopimwa ni Nini?

3.1 Kuhesabu makovu

Njia iliyoenea ya kupima ni kuitoa DNA kutoka katika seli nyingi, kurudufu kipande kifupi chenye mahali pa mkato, kisha kusoma mfuatano wa maelfu ya nakala zake. Nakala zenye udondoshaji au uchopekaji huhesabiwa, na matokeo hutolewa kwa asilimia. Ikiwa nakala 60 kati ya 100 zina mabadiliko, husemwa kwamba ufanisi wa uhariri ni asilimia 60.

Tuiangalie hesabu hiyo kwa makini. Kilichohesabiwa ni makovu. Mkato wenyewe hauonekani, kwa sababu wakati DNA inasomwa, ncha nyingi zimekwisha kuungwa. Aidha, mkato ulioungwa sawasawa hauachi alama yoyote, na hauwezi kutofautishwa na DNA ambayo haikukatwa kamwe. Zaidi ya hayo, DNA iliyoungwa sawasawa bado inalandana na RNA elekezi, hivyo Cas9 inaweza kuikata tena. Mzunguko huo wa kukata na kuunga unaweza kurudiwa hadi kosa litokee na kuufuta mfuatano unaolengwa. Ni sawa na mtu anayehesabu mafundo katika kamba ili kujua imekatika mara ngapi: yatamwambia ni mara ngapi ilifungwa kwa fundo, lakini hayatamwambia lolote kuhusu mara ambazo fundi aliisokota upya bila kuacha alama.

3.2 Kupima kasi

Ili kuuona mkato wenyewe, ni lazima kupima katika nyakati zinazofuatana. Brinkman na wenzake (2018) walifanya hivyo katika seli za binadamu za aina ya K562. Waliiamsha Cas9 kwa wakati uliojulikana, wakachukua sampuli kila baada ya muda, na kukadiria kwa hesabu kasi ya kukata na kasi ya kuunga kila moja peke yake. Waligundua kwamba uungaji wa mikato ya Cas9 unaweza kuwa wa polepole kuliko ilivyodhaniwa: muda wa nusu ya mikato kuungwa uliweza kufikia takribani saa 10, na uungaji huo ulielekea kuwa na makosa.

Iko pia njia ya kutazama seli kwa hadubini. DNA inapokatika, protini ya H2AX iliyo karibu na mkato huwekewa fosfati, nayo huweza kutiwa rangi ikaonekana kama doa linalong'aa. Doa hilo huonyesha kwamba pana mkato, lakini halisemi umeletwa na nani: Cas9, mionzi, au hitilafu wakati wa kurudufu DNA.

3.3 Kisichohesabiwa

Vianzishi vya urudufishaji hukaa mbali na mkato kwa nukleotidi mia kadhaa tu. Ikiwa udondoshaji umekula mahali pa kianzishi, nakala hiyo hairudufiwi. Haimo miongoni mwa zilizobadilika, na wala haimo miongoni mwa zisizobadilika. Kosicki, Tomberg na Bradley (2018) walionyesha kwamba mikato ya Cas9 katika seli za shina za panya ilisababisha udondoshaji wa maelfu ya nukleotidi pamoja na mipangilio mipya tata, ambayo vipimo vya kawaida vya vipande vifupi visingeiona. Funzo lililopo ni kwamba asilimia iliyotolewa huwa imejikita katika upana wa dirisha alilochungulia mpimaji.

Mfano wa karibu nasi ni kazi ya Leena Tripathi na wenzake wa IITA jijini Nairobi, iliyochapishwa mwaka 2019. Walishughulikia mgomba wa aina ya Gonja Manjaya, ambao jenomu yake imebeba mfuatano wa virusi vya michirizi ya migomba. Mmea ukipatwa na dhiki, kama vile ukame, virusi hivyo huweza kuamka. Watafiti waliukata mfuatano huo wa virusi katika sehemu zake tatu za kusomwa, wakaiachia seli ya mgomba kuunga na kukosea. Usomaji wa mfuatano ulithibitisha makovu. Lakini watafiti hawakuishia hapo: waliinyima mimea maji na kuitazama. Mimea iliyohaririwa ambayo haikuonyesha dalili ilikuwa asilimia 75. Hapa tuna vipimo viwili tofauti, cha makovu na cha afya ya mmea, na kimoja hakiwezi kusimama badala ya kingine.

4.0 Tatizo la Kitenzi

4.1 Kauli za kitenzi na mtendaji

Kiswahili kina utajiri unaofaa sana katika mada hii. Tazama mifano ifuatayo:

(2) a. Cas9 imeikata DNA.
    b. DNA imekatwa na Cas9.
    c. DNA imekatika.

(3) a. Seli imeziunga ncha.
    b. Ncha zimeungwa.
    c. Ncha zimeungana.
    d. Ncha zinaungika.

Kauli ya kutendwa katika (2b) hudai kuwapo kwa mtendaji, hata asipotajwa. Kauli ya kutendeka katika (2c) haimdai. Hueleza hali tu. Tofauti hiyo ndiyo hasa tofauti ya vipimo vilivyoelezwa hapo juu. Doa la H2AX huthibitisha (2c), na halithibitishi (2b). Mwanafunzi anayeandika *imekatwa* pale ambapo kipimo kinaruhusu *imekatika* tu, amedai zaidi ya alichokiona.

Katika (3) pia, kauli ya kutendana inafaa kwa ncha zilizokutana zenyewe kwa zenyewe, ilhali kauli ya kutendwa hutukumbusha kwamba viko vimeng'enya vilivyozifunga. Lugha ambazo hulazimika kutumia kitenzi kimoja pamoja na maneno ya kusaidia hufikia bainisho hili kwa kuzunguka. Sisi tunalipata kwa kiambishi kimoja.

4.2 Rekebisha

Pamoja na utajiri huo, maelezo mengi huchagua kitenzi *rekebisha*:

(4) Wanasayansi wamerekebisha jeni ya selimundu.

Sura ya kitenzi hiki ni ya kauli ya kutendesha. Humpa kiima dhima ya kusababisha tokeo lote, tangu mwanzo hadi mwisho. Tena maana yake hudai kwamba kilichokuwa na kasoro kimeondolewa kasoro hiyo. Sentensi (4) ina makosa mawili kama inazungumzia tiba ya Casgevy, iliyoidhinishwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani Desemba 2023.

Katika tiba hiyo seli za shina za damu hutolewa mwilini, na Cas9 hukata, si jeni ya himoglobini yenye kasoro, bali sehemu inayoiongoza jeni nyingine iitwayo BCL11A, ambayo kazi yake mojawapo ni kuizuia himoglobini ya mtoto mchanga isiendelee kutengenezwa ukubwani. Seli huziunga ncha kwa makosa. Kovu linalobaki huidhoofisha sehemu hiyo, himoglobini ya utotoni hurudi, na chembe nyekundu hazipindi kama mundu. Jeni ya selimundu yenyewe imebaki vilevile ilivyokuwa. Haikurekebishwa, na wala haikuguswa. Aidha, kilicholeta nafuu ni kosa la seli katika kuunga, ambalo mtafiti alilitarajia na kulipima.

Je, hili ni suala la maneno tu? Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na selimundu duniani, na huko Muhimbili wagonjwa wamekuwa wakifuatiliwa kiutafiti tangu mwaka 2004. Bei iliyotangazwa ya Casgevy nchini Marekani ni dola milioni 2.2, na kwa hiyo bado iko mbali na wagonjwa wetu wengi. Lakini siku tiba ya namna hiyo itakapoletwa, mzazi ataombwa kutia sahihi fomu ya ridhaa. Akisoma kwamba jeni ya mwanawe *itarekebishwa*, ana haki ya kuamini kwamba wajukuu wake hawatairithi. Imani hiyo ni potofu, kwa sababu mgonjwa aliyetibiwa bado anaweza kuwarithisha wanawe jeni ileile. Ridhaa iliyojengwa juu ya kitenzi kisichofaa si ridhaa kamili.

Kwa mkulima suala ni hilohilo. Ruvuma ni mmoja wa mikoa inayoongoza kwa mahindi nchini. Ugonjwa wa mahindi unaosababishwa na virusi viwili kwa pamoja na kuua mmea uliripotiwa Kenya mwaka 2011, na Tanzania mwaka 2012. Nao umekuwa mojawapo ya shabaha za watafiti wa uhariri wa jenomu katika ukanda huu. Kenya ilitoa mwongozo wake wa uhariri wa jenomu mwaka 2022. Mkulima wa Songea atakayeulizwa maoni yake kuhusu mbegu hizo anastahili kujua kilichofanywa na mtu na kilichofanywa na mmea.

4.3 Pima

Kitenzi *pima* kina mawanda mapana. Tunapima uzito, ardhi, damu, na hata akili; na *pima* kama nomino ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa. Upana huo si kasoro, lakini huhitaji yambwa iliyo wazi. Katika mada hii viko angalau vitu vinne vya kupimwa: kiasi cha mikato, kasi ya kuunga, mgawanyo wa njia za kuunga, na usahihi wa matokeo. Sentensi "tulipima uungaji" haijasema chochote hadi itaje ni kipi kati ya hivyo.

5.0 Mapendekezo

Tunapendekeza istilahi zifuatazo. *Udondoshaji* na *uchopekaji* zimetumika kwa muda mrefu katika fonolojia ya Kiswahili, na zinahamishika bila kubadili dhana: sauti au nukleotidi imeondoka, au imeingia.

(i) *Uhariri wa jenomu*: shughuli nzima, kuanzia kuchagua shabaha hadi kuthibitisha matokeo.
(ii) *Mkato*: kukatwa kwa nyuzi zote mbili na kimeng'enya kinachojulikana.
(iii) *Mkatiko*: kukatika kwa DNA kwa sababu yoyote, ijulikane au isijulikane.
(iv) *Uungaji*: tendo la seli la kuziunganisha ncha, bila kusema kama matokeo ni sahihi.
(v) *Uungaji wa ncha kwa ncha*: uungaji usiotumia kielelezo.
(vi) *Uungaji kwa mfanano mfupi*: uungaji unaoambatanisha mifuatano mifupi inayofanana na kupoteza kilicho kati.
(vii) *Uungaji kwa kielelezo*: uungaji unaofuata nakala nyingine, ya asili au ya kutungwa.
(viii) *Udondoshaji* na *uchopekaji*: kupungua na kuongezeka kwa nukleotidi mahali pa mkato.
(ix) *Kovu*: badiliko lolote linalobaki baada ya uungaji.
(x) *Urekebishaji*: litumike tu pale mfuatano wenye kasoro unapobadilishwa kuwa usio na kasoro.

Neno *ukarabati* lina nafasi yake kama jina la jumla la kazi zote za seli za kuitunza DNA. Hatulipendekezi kwa mikato ya Cas9, kwa sababu nyumba iliyokarabatiwa hutarajiwa kurudia uzima wake, ilhali hapa mara nyingi mtafiti anategemea isirudi. Msomaji anaweza kuhoji kwamba *unga* kama kitenzi huchanganyika na *unga* wa mahindi. Pingamizi hilo ni dogo: ngeli na viambishi huondoa utata, na hakuna atakayesoma *uungaji* akafikiria ugali.

6.0 Hitimisho

Makala hii imejaribu kuonyesha kwamba upimaji wa uungaji wa DNA una mafunzo kwa mwanaisimu, na kwamba mwanaisimu naye ana la kuchangia. Kipimo kinachohesabu makovu hakihesabu mikato. Kipimo chenye dirisha dogo hakioni hasara kubwa. Na kipimo cha mkatiko hakimtaji mkataji. Kila mojawapo ya mipaka hiyo inaweza kuonyeshwa katika kitenzi cha Kiswahili, mradi mwandishi achague kauli kwa uangalifu.

Tunashauri wanafunzi wa uzamili wanaofanya kazi ya istilahi waanze kwa kuuliza ni nani anayetenda nini kabla ya kuuliza dhana iitwe nani. Istilahi nyingi zimebuniwa kwa kutafuta neno lililo sawa na la kigeni, na hivyo zimerithi pia ukungu wa neno hilo. Aidha, istilahi zilizopendekezwa hapa zinafaa kujaribiwa na walimu wa biolojia, wauguzi na maofisa ugani kabla ya kusanifiwa, kwa kuwa wao ndio watakaozitamka mbele ya watu wenye maswali. Kama tulivyoona Songea, swali litakaloulizwa kwanza huenda likawa la mtendaji, na istilahi isiyoweza kulijibu haijakomaa.